Unga wa Picha

Sokoni walimwita Mama Siku Tano, na wengi waliomwita hivyo hawakujua jina lake jingine. Muhogo wake ulikaa ndani ya maji siku tano kamili, iwe mvua iwe jua, awe amekuja mteja wa harusi au wa matanga. Wauza unga wenzake waliuloweka siku tatu, na wengine hata hizo tatu Mungu ndiye shahidi, na walimcheka mpaka akazoea.

"Mama, huo muhogo unauloweka au unausomesha?" muuza dagaa wa meza ya jirani alipenda kumuuliza.

"Ukihitimu nitakualika," humjibu, na mikono haisimami.

Mikono yenyewe ilikuwa kituko. Kila kipande kilichotoka majini alikivunja, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema. Akihisi uchungu, hata ule wa kuwazia tu, pipa zima linarudishwa kwenye maji mapya na siku zinahesabiwa upya. Mkwe wake, mke wa mwanawe mkubwa, aliwahi kumwonya kwamba wateja wanahama. Akajibiwa, "Wahame wakiwa hai." Meza zote za karibu zikaangua kicheko, na maneno yale yakageuka msemo wa soko, mtu akikimbiwa na mteja hupunga mkono akasema, wahame wakiwa hai. Hakuna aliyegundua kwamba mwenye msemo hakuwa amecheka.

Basi asubuhi moja akaja binti wa ofisi ya soko, yule mwenye miwani, anayetembea na faili hata akienda kunywa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupimie kiasi gani?"

"Leo sijaja kununua. Nimekuja kukuonyesha wewe mwenyewe."

Akatoa picha kwenye bahasha. Ilikuwa ya zamani, nyeusi na nyeupe, kingo zimetafunwa na wadudu. Kinu kipana kimesimama katikati ya ua. Msichana wa miaka kumi na saba hivi ameinua mchi juu kwa mikono miwili, anacheka. Miguuni pake mtoto wa kike wa miaka kumi amepiga magoti, anachekecha, na unga mweupe unapeperuka kwenye mwanga wa asubuhi. Wajukuu wa mpiga picha wa zamani waliikuta sandukuni, na nyuma yake mzee alikuwa ameandika kwa penseli mtaa, mwaka, na maneno "dada wawili".

"Wazee wawili wamenithibitishia kwamba huyu mdogo ni wewe," binti alisema. "Tunaikuza iwe kubwa kama mlango, tunaitundika kwenye jengo jipya, pale pa kuingilia. Jumamosi tunafungua. Na wewe utatuambia maneno machache, jinsi mama zetu walivyoandaa unga. Dakika tano tu. Siku tano, dakika tano!"

Muuza dagaa alishaipokonya picha. "Jamani! Kumbe ulikuwa mzuri hivi ukatuficha? Na huyu mrefu, mwenye meno ya kupendeza, ni nani?"

"Dada yangu."

 Muuza dagaa akairudisha picha mezani kwa ncha za vidole, akaanza kupanga dagaa ambao walikuwa wamekwisha pangwa. Alikuwa na miaka sitini na ushee, na mtu wa umri huo hapo mtaani alijua habari za yule dada. Ndiye ambaye muhogo wake uliua mtoto.

Binti wa ofisi hakujua lolote. "Yupo hai? Tumwalike naye!"

"Yupo. Nitamwambia mwenyewe," alisema Mama Siku Tano.

Alibaki na ile picha siku nzima, ameifunika kwa kipande cha gunia. Kila aliyeiona alisifu shingo, alisifu kicheko, alisifu mambo ya zamani. Yeye hakuona kingine ila unga.

Nieleze ilivyokuwa, maana mtaa umesimulia nusu yake kwa miaka hamsini na miwili, na nusu ya habari ina madhara kuliko uongo mzima.

Muhogo wa kwao ulikuwa mchungu. Mchungu una sumu, na sumu hutolewa kwa maji na subira: siku nne ndani ya maji, kisha juani mpaka ukauke, ndipo kinu. Hilo hata kuku wa kwao walilijua. Jumatatu alipita mpiga picha na baiskeli yake, akamwona dada mtu uani, akasema anataka kumpiga picha akitwanga, unga uonekane unaruka. Angerudi Jumatano asubuhi, kisha anasafiri moja kwa moja. Mama yao alikuwa shamba la mbali hadi Jumatano jioni, na unga mzuri uliokuwemo ndani ya debe ulikuwa haba, hauguswi bila ruhusa. Sasa msichana wa miaka kumi na saba, amechumbiwa, anajua ni mzuri, hajapigwa picha tangu azaliwe, wewe ungemwambia nini? Akauopoa muhogo uliokuwa na siku moja tu majini, akaukata vipande vyembamba, akauanika juu ya mabati yanayochoma. Jumatano ukatwangwa, picha ikapigwa. Mdogo wao wa mwisho, aliyeitwa Kitinda, mtoto wa miaka minne, alifukuzwa uani asije akaharibu picha. Alilia, akapewa ndizi, akanyamaza. Hakuna picha yake yoyote duniani.

Mpiga picha alipoondoka, dada akamwambia mdogo wake, "Unga huu ni wa picha tu. Kaumwage shimoni nyuma ya nyumba, uufukie. Usichezee." Kisha akaenda kwa shangazi yao kusukwa, akalala huko.

Huyo wa miaka kumi akabaki na ungo mikononi. Kesho yake ilikuwa zamu yake ya kutwanga, na kutwanga alikuchukia kama dawa. Akautazama unga, akaona ni mweupe, ni laini, hauna tofauti na ule wa debe. Akaumimina ndani ya debe, akauchanganya kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, akaenda kucheza. Jioni mama akarudi amechoka, akachota, akasonga ugali. Wote waliokula walitapika na kuona kizunguzungu. Kitinda hakuiona asubuhi.

Dada aliitwa mbio, nywele zimesukwa upande mmoja. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yao, akamsimamisha mbele ya waombolezaji. "Ule unga wa picha uliuweka wapi?"

"Nilimwambia mdogo wangu aumwage."

Watu wote wakageuka kumtazama mtoto wa miaka kumi, uso umemvimba kwa kulia, tumbo bado linamkata. Akasema, "Hakuniambia."

Ni hilo tu alilosema. Posa ilirudishwa kabla matanga hayajaanuliwa, maana nani ataoa mwanamke asiyejua muhogo? Wiki ya pili mtoto alishindwa kulala, akamfuata mama yake jikoni akamweleza yote. Mama akamziba mdomo kwa kiganja chenye majivu. "Kuna mwingine anayejua?" Hakuna. "Basi asijue. Dada yako mkubwa, ataolewa kwingine, ataondoka na maneno yake. Wewe bado mdogo, yatakukuta hapa hapa."

Mama alikosea. Dada hakuolewa kwingine wala pale. Aliyeolewa ni mdogo, akazaa, akajukuu, akauza unga na kutaniana na watu. Na dada akabaki na maneno yake.

Alhamisi alasiri Mama Siku Tano alifunga meza mapema, akaenda. Dada yake alikuwa fundi cherehani, akiishi chumba kimoja mtaa wa pili. Sare za shule zilining'inia kwenye kamba toka ukuta hadi ukuta, ukiingia lazima uiname. Cherehani ya kukanyaga ilikaa chini ya dirisha, na juu ya kabati kulikuwa na chupa ya chai na vikombe vilivyofunikwa kitambaa. Katika nyumba hiyo mgeni hujimiminia mwenyewe. Dada alikuonyesha chupa, akakuonyesha kikombe, akarudi nyuma hatua moja. Alikwisha kuona mikono mingi ikisita kupokea, akaamua kuwapunguzia watu taabu.

"Umeleta sukari tena?" aliuliza kabla hata ya salamu. "Mimi mgonjwa?"

Kila mwezi Mama Siku Tano alimletea kitu, sukari, sabuni, doti ya kanga, na hakuwahi kueleza ni kwa ajili ya nini. Safari hii hakuwa na kitu. Aliiweka picha juu ya meza ya cherehani.

Dada akavaa miwani. Aliitazama muda mrefu. "Nilikuwa na shingo mimi," alisema. Baada ya kitambo, "Kumbe nilikuwa nacheka."

"Wanaitundika sokoni Jumamosi. Wametualika."

"Waitundike. Mimi niende kufanya nini? Kuwasimulia nilivyomuua mdogo wetu?" Alisema hivyo kama mtu anayetaja umri wake, huku mguu wake ukitafuta kanyagio.

Mama Siku Tano alikuwa amejipangia maneno njiani. Yote yalimpotea, akabaki na yale ya mwisho. "Dada, uliniambia."

"Nilikuambia nini?"

"Niumwage. Shimoni, niufukie, nisichezee. Nilisikia vizuri. Niliuchanganya kwenye debe kwa sababu sikutaka kutwanga kesho yake. Halafu nikasema hukuniambia."

Mguu wa dada ulibaki juu ya kanyagio, haukusukuma. Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo. Mama Siku Tano alisubiri kofi, alisubiri tusi, na angelipokea lolote kwa shukrani.

"Unajua," dada alisema mwishowe, polepole, "mwanzoni nilikuwa na hakika. Nilikumbuka hata kanga niliyokuwa nimejifunga wakati nakuambia. Lakini kila mtu alisema sikukuambia, na wewe ulikuwa mtoto usiyejua kusema uongo. Nikaanza kuwaza, labda nilikusudia tu, nikasahau, mawazo yangu yako kwenye kusukwa. Nilipofika miaka thelathini nilishaamini kwamba sikukuambia. Nimemwomba Kitinda msamaha kila asubuhi kwa kosa hilo. Leo asubuhi pia nimemwomba."

"Nisamehe, dada."

"Ngoja. Usinikimbize." Alivua miwani, akaishika mkononi. "Mama alijua?"

Swali hili Mama Siku Tano alilitegemea, na jibu alikuwa nalo. Angesema hapana. Marehemu husitiriwa, na dada angebaki na mama yake. Alifungua mdomo aseme hivyo, akamwona dada yake ameinua uso, anangoja. Huyu aliwahi kupewa uongo mmoja akauamini kuliko masikio yake mwenyewe. Akipewa na huu ataumeza vile vile.

"Alijua. Nilimwambia wiki ya pili. Akaniambia ninyamaze."

Katika chumba hicho hicho dada alimuuguza mama yao miaka tisa. Alimwogesha, alimgeuza, alimfulia. Kitu kimoja tu alikatazwa: mama hakupokea chakula mkononi mwake. Dada alipika, akampa jirani, jirani akaingia kulisha.

"Nilidhani ananichukia," alisema. "Miaka tisa nilisimama nyuma ya huo mlango nikisikia kijiko kinagonga bakuli, nikasema moyoni, ana haki. Kumbe alikuwa ananionea haya."

Akalia. Hakulia kwa sauti, machozi yalimtoka tu yakidondokea sare ya mtoto wa watu iliyokuwa chini ya sindano. Mama Siku Tano aliinuka ili amshike.

"Kaa hapo hapo."

Akakaa. Alipomaliza kulia, dada alijifuta kwa ncha ya kanga na sauti yake ikawa kavu.

"Mimi nilitajwa mbele za watu. Watu wamejaa mpaka uani, baba mdogo amesimama, nami nimesimama. Wewe umekuja kuniambia chumbani, mlango umefungwa, mimi na wewe na cherehani. Hapana, mdogo wangu. Hayo maneno yapeleke yalikoanzia, kwa watu."

"Jumamosi?"

"Si wamekupa dakika tano?"

"Dada, pale ndipo ninapouzia unga. Nani atanunua tena kwangu?"

"Wahame wakiwa hai," dada alisema. Msemo wa soko ulikuwa umefika hadi mtaa wa pili. Kisha akaongeza, "La mama usiliseme. Hilo ni langu, nitajua la kulifanya."

Ijumaa Mama Siku Tano aliugua maradhi yote anayoyafahamu. Asubuhi ilikuwa homa, adhuhuri mgongo, alasiri presha. Mkwe wake alimtengenezea uji, akamgusa paji la uso, akaona ni baridi, akaondoka bila kusema kitu. Mara mbili alichukua simu ampigie binti wa ofisi kwamba hataweza, mara mbili akairudisha chini ya mto wa kitanda. Aliwaza wajukuu zake shuleni. Aliwaza muuza dagaa. Aliogopa kama alivyoogopa akiwa na miaka kumi, na woga ule ule ulimwambia maneno yale yale, nyamaza. Lakini kila alipofumba macho alimwona dada yake nyuma ya mlango, anasikiliza kijiko.

Jumamosi jengo jipya lilinuka rangi. Viti vilipangwa, waliochelewa walisimama, na mwenyekiti wa soko alihutubia mpaka watoto wakalala. Kisha shuka likavutwa ukutani na picha ikaonekana, kubwa kama mlango kweli, na vigelegele vikapigwa. Msichana wa kwenye picha aliwacheka wote kutoka juu.

Dada yake alikuja. Alikaa safu ya mwisho, amevaa gauni alilolishona mwenyewe, mkoba juu ya magoti. Watu walikuwa wamesimama kwa kukosa viti, lakini kiti cha kulia kwake na cha kushoto vilikuwa vitupu.

"Sasa tumpokee Mama Siku Tano!" binti wa ofisi alisema. "Atatuambia siri ya unga mweupe namna hii."

Makofi. Alipewa kipaza sauti, akakishika kama mchi, kwa mikono miwili.

"Huyu mdogo ni mimi," alisema. "Huyu mrefu ni dada yangu, yule pale nyuma." Vichwa vikageuka. "Unga huu mnaousifu haukufaa kuliwa. Muhogo wake ulilowekwa siku moja. Ulitwangwa kwa ajili ya picha, na dada yangu aliniambia nikaumwage. Sikuumwaga. Niliuchanganya na unga wa nyumbani kwa uvivu wangu. Mama akaupika bila kujua, na mdogo wetu, tuliyemwita Kitinda, akafa. Alikuwa na miaka minne."

Binti wa ofisi alinyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, na Mama Siku Tano akakivuta kifuani.

"Bado sijamaliza. Siku ya msiba watu wote walinigeukia. Nikasema dada hakuniambia. Aliniambia. Mmemsema miaka hamsini na miwili kwa kosa langu mimi. Nilikuwa mtoto, ndiyo. Lakini nimekuwa mtu mzima siku nyingi."

Hakuna aliyepiga makofi. Safu ya wazee, muuza dagaa akiwa katikati yao, iliangalia sakafu. Dada akainuka pale nyuma, mkoba mkononi. Hakumtazama mdogo wake. Aliwatazama watu.

"Mmesikia?" aliuliza.

Kiti kilikwaruza mahali fulani.

"Nauliza, mmesikia?"

"Tumesikia," alisema muuza dagaa, na sauti mbili tatu za wazee zikamfuata, "tumesikia, dada."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wake baada ya kuungoja sana. Watu wakampisha njia, naye akatoka nje kwenye jua, hatua zake hazina haraka. Mama Siku Tano alibaki amesimama mbele yao na kipaza sauti mikononi, na hakuna aliyemwambia akae.